Pasi kati ya roboti: sheria iliyoleta maneno mwaka 2014

Tarehe 4 Januari 2014, wanafunzi wa sekondari wa Marekani na nchi nyingine walitangaziwa mchezo mpya wa roboti, Aerial Assist. Shirika la FIRST, lililoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen mwaka 1989, liliwapa wiki 6 za kutengeneza mashine zao. Mpira ulikuwa mkubwa, upana wa sentimita 60 hivi, na kila upande ulicheza na roboti 3.

Jambo jipya lilikuwa pasi. Zamani roboti moja hodari iliweza kubeba mchezo, wenzake wakizungukazunguka tu. Safari hii uwanja uligawanywa sehemu 3. Mpira ukishikwa na roboti 2 katika sehemu tofauti kabla ya kuingia golini, upande huo ulipata pointi 10 za ziada. Zikishika zote 3, pointi 30. Goli lenyewe la juu lilikuwa pointi 10. Kwa hiyo hata roboti dhaifu ya ekipe isiyo na pesa ilitafutwa, mradi ijue kupokea na kutoa.

Lakini kushika mpira ni nini? Mtoto anayecheza mpira wa masashe kambini anaitambua pasi akiiona. Roboti haina mguu. Kitabu cha sheria kikataja njia 4: kuubeba mpira, kuuswaga kwa kuusukuma tena na tena, kuurusha kwa chombo kinachosogea, na kuubana ili mpinzani asiufikie. Ukikugonga tu, au ukiusukuma bila kukusudia kwa sababu umekaa njiani, haihesabiwi.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mwamuzi atajuaje nia ya mashine? Na kosa kubwa, kwa mfano kuushika mpira wa wapinzani kwa makusudi, liliwapa wapinzani hao pointi 50. Kazi ya wiki 6 iliweza kupotea hapo.

Ekipe ziliuliza, majibu yakaandikwa wazi kwa wote, na sheria zikarekebishwa msimu ukiendelea. Taabu moja ilibaki: waamuzi walihesabu pasi kwa macho na kuziingiza kwenye skrini kwa kidole, huku wanafunzi wakingoja taa iwake ndipo wachukue mpira mwingine. Katika mchezo wa dakika 2 na nusu, kungoja huko kuliuma.

Fainali ilichezwa St. Louis mwezi Aprili, ikashindwa na upande uliokuwa na ekipe namba 254 ya San Jose, California. Mwaka 2015 FIRST ikaleta mchezo wa kupanga masanduku, kila upande ukabaki kwenye nusu yake.