Utumbo Uliopewa Kalamu

Somo letu leo ni historia ya kupima mwendo wa utumbo.

Ukila ugali kwa sato, ukishameza hukisukumi chakula tena. Utumbo wenyewe hujibana nyuma yake na kulegea mbele yake, nacho husogea. Watu walilijuaje jambo hili lililofichika tumboni?

Mwaka 1847 Mjerumani Carl Ludwig alitangaza chombo chenye pipa dogo linalozunguka, lililovikwa karatasi, na kijiti cha kuchora mstari. Kwanza kiliandika msukumo wa damu. Baadaye utumbo nao ukapewa kalamu hiyo. Mwaka 1899, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling waliubonyeza utumbo wa mbwa. Juu ya mahali hapo ukajibana, chini yake ukalegea. Lakini mistari ya namna hii ilipimwa kwa macho na rula, na macho huchoka.

Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, safari nzima ya chakula ilipimwa kwa njia nyingine. Watu walimezeshwa punje ndogo zinazoonekana katika picha za eksirei. Mwaka 1972 Denis Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji huko, pamoja na wenzake, walitangaza hesabu zao. Kwa wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula vyenye makapi mengi, safari ilichukua saa 36 hivi. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao, saa 83 hivi. Tofauti ni kubwa! Lakini ni sawa na kujua kwamba basi liliondoka Buzuruga alfajiri likafika jioni: hujui lilisimama wapi njiani.

Mwaka 1999 wataalamu wa Adelaide, Australia, walieleza namna ya kuifuata safari hatua kwa hatua. Walipiga picha za video za kipande cha utumbo wa simbilisi. Kompyuta ikapima upana wa kila mahali katika kila picha, ikachora ramani: upande mmoja mahali, upande wa pili wakati. Mbano unaosafiri ukaonekana kama mstari wa mshazari.

Hata hivyo, kompyuta husoma upesi bila kujua maana. Chombo kikitikiswa, yaweza kuuhesabu mtikisiko huo kuwa mwendo wa utumbo. Lazima awepo mtu wa kutazama na kuuliza: je, ni kweli?

Maswali ya kujadiliana:
1. Punje zilionyesha nini, na zilificha nini?
2. Kwa nini kompyuta yahitaji msimamizi?

Kwaherini mpaka somo lijalo.