Mizani ya Kawe, Mizani ya England

Kwenye kadi ya kliniki, mama wa Kawe, Dar es Salaam, hutafuta jambo moja: uzito umepanda? Mstari ukishuka, huulizwa mtoto anakula nini. Ukipanda hata kupita kiasi, mara nyingi huvuna pongezi.

Pongezi hizo zina historia. Bibi aliyepanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, wakati wa njaa ya mwaka 1974 ana kila sababu ya kumfurahia mjukuu kibonge, na takwimu hazimpingi: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na 4 tu wamezidi uzito. Ila mtoto akishatimiza mitano, mizani humwacha. Na ndipo gari la shule linapoanza kumfuata alfajiri, chipsi mayai na soda zinakuwa zawadi ya kufaulu, na kiwanja cha mpira kinazungushiwa ukuta.

England imeshika njia nyingine. Tangu mwaka wa masomo 2005/06 shule za msingi hupima watoto wanapoanza na wanapokaribia kumaliza, na mzazi huweza kuletewa barua ya matokeo. Wapo walioipokea kama tusi. Kawe hakuna barua. Kuna shangazi, atakayetangaza mbele ya wageni kwamba mtoto amenawiri. Barua na shangazi huhukumu mwili, sahani hawaigusi. Kilichogusa kikombe ni kodi ya vinywaji ya 2018: viwanda vya Uingereza vilipunguza sukari ili kuikwepa.

Japani ilianzia kwenye sahani. Sheria yake ya chakula cha shule ni ya 1954, nchi ikiwa bado inakumbuka njaa ya vita, kama bibi yetu anavyokumbuka yake. Watoto hupakuliana na kula pamoja darasani. Kupimwa uzito ni jambo la kawaida, halina mbwembwe. Makande yetu ya shuleni, kwa maoni yangu, hayana cha kuonea aibu mbele ya wali na samaki wao. Tunashindwa kwenye geti la shule, kwa soda, barafu na mihogo ya kukaanga.

Wengi wanaonenepa utotoni hubaki hivyo ukubwani, na kisukari na shinikizo la damu huwawahi. Aliyezaliwa na uzito mdogo kisha akanenepa haraka yumo hatarini zaidi. Gharama hiyo itaiangukia Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria 2023. Shule tayari ni njia ya huduma za afya: chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inawafikia wasichana huko tangu 2018. Mizani nayo ipelekwe huko, kwa watoto wote, kila mwaka.