Mapishi ya mboga za msimu Dumila

Mapishi ya mboga za msimu Dumila ni njia ambazo kaya za Dumila, katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro (Tanzania), pamoja na maeneo ya jirani, hutumia kupika na kuhifadhi mboga wakati zinapojaa sokoni na bei yake kuanguka. Mboga inayohusika zaidi ni nyanya, ikifuatwa na bamia, ngogwe (nyanya chungu), bilinganya, kabichi na mboga za majani. Mapishi haya hayana jina moja na mengi hujulikana pia kwingineko nchini. Kinachoyaunganisha ni tatizo lenyewe: chakula kingi kwa wakati mmoja, na siku chache tu kabla hakijaoza.

Mahali na msimu

Dumila iko kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka mji wa Morogoro. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Rudewa na Kilosa. Wasafiri wengi huijua kwa mboga zinazopangwa kando ya barabara: nyanya kwenye ndoo, sado na mafungu, vitunguu, bamia na matunda. Sado ni kipimo cha ndoo ndogo ya plastiki, na jina lake limetokana na makopo ya rangi ya Sadolin. Wanaonunua kwa jumla hupima kwa tenga.

Nyanya huwa ghali wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu unyevu huleta magonjwa ya ukungu na matunda hupasuka au kuoza shambani. Baada ya masika wakulima wengi hupanda kwa pamoja kwenye mabonde yenye maji. Kwa hiyo mavuno nayo hutoka kwa pamoja wakati wa kipupwe na kiangazi, na bei hushuka. Tangu miaka ya 2010 kuna pia kantangaze, mdudu ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya mnyanya. Nyanya zilizotobolewa hazipandi lori, lakini sehemu kubwa ya tunda huwa bado inafaa kuliwa, na mara nyingi huishia katika jikoni la mkulima mwenyewe.

Soko la hapa linategemea barabara. Mwezi Januari 2014 mafuriko yaliyozikumba Magole, Dumila na vijiji vya jirani yaliharibu daraja na kukata mawasiliano kati ya Morogoro na Dodoma. Lakini hata bila mafuriko, lori likichelewa siku mbili, nyanya zilizoiva hupoteza mnunuzi.

Upande wa milima ya Uluguru hali ni tofauti kidogo. Katika tarafa ya Mgeta, Wilaya ya Mvomero, baridi inaruhusu kabichi, karoti, njegere na viazi, na soko la Nyandira hupeleka mboga hizo Morogoro na Dar es Salaam. Kabichi na karoti huvumilia safari kuliko nyanya, hivyo mpishi wa mlimani ana siku zaidi za kuamua kuliko mwenzake wa Dumila.

Kuchambua

Kazi ya kwanza si kupika bali ni kuchambua. Nyanya zenye ufa au zilizolainika hutengwa zipikwe siku hiyohiyo. Zilizoiva lakini ni ngumu hutandazwa kivulini, safu moja, upande wa kikonyo ukiwa chini. Zilizo na rangi ya kijani huachwa ziive polepole. Nyanya moja iliyooza ndani ya tenga huharibu za jirani yake kwa maji yake na ukungu, na ndiyo maana kuziacha zikiwa zimerundikana usiku kucha ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana. Nyanya ndogo au zilizobaki baada ya wanunuzi kuchagua huitwa masalo. Huuzwa kwa bei ya chini kabisa na kwa rojo hazina kasoro yoyote, ila tu sehemu yenye ukungu isitumike. Kukata kipande kilichoonekana hakutoshi kwa tunda laini, kwa kuwa ukungu huwa umeshaingia ndani.

Nyanya jikoni

Nyanya zikiwa ghali, hutiwa mbili au tatu kwenye mchuzi ili kutoa rangi. Zikiwa rahisi, zenyewe huwa ndiyo mchuzi. Vitunguu hukaangwa hadi vilainike, kisha nyanya nyingi zilizokatwa hutiwa na kuachwa bila kifuniko mpaka maji yakauke na mafuta yaanze kuelea juu. Hapo ndipo ukali wa uchachu unapopungua na utamu kujitokeza. Mpishi anayeongeza maji mapema hupata mchuzi mwepesi wenye ladha ya nyanya mbichi. Rojo hilo huliwa na ugali peke yake, au hutiwa mayai, dagaa waliooshwa, au bilinganya iliyokaangwa.

Katika makande na maharage kuna tahadhari moja ambayo wapishi wazoefu huifuata: nyanya hutiwa baada ya maharage kuiva. Uchachu wake huchelewesha maharage kulainika, na sufuria inayotiwa nyanya mwanzoni hula mkaa mwingi bila sababu.

Nyanya za kijani zisizotarajiwa kuiva hukatwa vipande vyembamba, hunyunyiziwa chumvi na kukaangwa, au huchanganywa na pilipili, kitunguu na ndimu kuwa chachandu.

Mboga nyingine

Ngogwe na bamia hupikwa pamoja katika sehemu nyingi za Tanzania bara, kwa kuwa uchungu wa ngogwe na utelezi wa bamia hupozana. Zikiwa nyingi, ngogwe huchemshwa nzima, hupondwa na kuchanganywa na karanga zilizosagwa. Bamia zilizokomaa mno huwa na nyuzi na hazifai kwa mlenda; mbegu zake hutolewa na kupikwa kwenye mchuzi.

Majani ya maboga, ya kunde na matembele hupikwa na karanga au tui la nazi. Mafuta hayo yana kazi zaidi ya ladha, kwani mwili hupata vitamini A ya mboga za majani vizuri zaidi zikiliwa na mafuta. Magadi hulainisha mboga haraka na kuilinda rangi yake, lakini huharibu sehemu ya vitamini, hasa vitamini C.

Kabichi ndiyo mboga ambayo familia huichoka mapema. Kuikata nyembamba na kuikaanga kwa moto mkali kwa dakika chache, pamoja na karoti na pilipili hoho, hutoa chakula tofauti kabisa na kabichi iliyochemshwa. Ikinyunyiziwa chumvi na ndimu na kuachwa nusu saa, huwa kachumbari.

Kuweka kwenye chupa

Nyanya hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa muda usiozidi dakika moja, humenywa, hupondwa na kupikwa hadi zibaki nusu ya ujazo wake. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji, kazi hii hutumia moto mwingi, na gharama ya mkaa inaweza kupita bei ya nyanya zenyewe. Nyanya za aina ndefu, zenye nyama nyingi na mbegu chache, hukauka upesi zaidi.

Hatari iko katika uhifadhi. Bakteria aina ya Clostridium botulinum hukua ndani ya chombo kisicho na hewa na kutoa sumu inayoweza kuua, bila kubadili harufu wala rangi ya chakula. Hawezi kukua penye uchachu wa kutosha, yaani pH isiyozidi 4.6. Nyanya ziko karibu sana na mpaka huo, na zile zilizoiva kupita kiasi huweza kuuvuka. Kwa hiyo huongezwa vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau kwa kila chupa ya lita moja hivi. Maji ya limau ya kiwandani yana uchachu wa kiwango kinachojulikana, wakati malimau ya shambani hutofautiana. Kisha chupa za kioo zenye vifuniko vipya huchemshwa zikiwa zimezama kabisa, kwa dakika 45 hivi katika mabonde ya Kilosa. Mgeta huhitaji muda zaidi, kwa sababu mlimani maji huchemka kwa joto dogo.

Kitunguu, saumu na pilipili hoho havitiwi katika chupa za aina hii, kwani hupunguza uchachu; huongezwa siku ya kupika. Bamia, karoti, njegere na mboga za majani haziwezi kuhifadhiwa salama kwa kuchemsha chupa tu. Asiye na vifaa huweka rojo lake kwenye friji na kulimaliza kwa siku chache, au huligandisha.

Kukausha

Kukausha hakuhitaji mkaa. Wagogo wa Dodoma, upande wa pili wa barabara hiyohiyo, wana desturi ya siku nyingi ya kuanika majani ya mlenda na kuyasaga kuwa unga wa kupikia wakati wa ukame. Mboga za majani huoshwa, hupitishwa kwenye maji ya moto au mvuke kwa dakika mbili au tatu, kisha huanikwa kwenye kichanja kilichofunikwa kitambaa chepesi. Kivuli chenye upepo hulinda rangi na vitamini A kuliko jua kali.

Nyanya hukatwa nusu au vipande, hunyunyiziwa chumvi kidogo na kuanikwa juani siku kadhaa, zikiingizwa ndani kila jioni ili zisipate umande. Kilo 10 hutoa chini ya kilo moja. Zikiwa tayari hupinda kama ngozi bila kutoa maji. Zikitoa maji zitaota ukungu kwenye kopo. Bamia hukatwa duara na hukauka upesi.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichopo Morogoro tangu 1984, hufundisha sayansi ya chakula, na SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo. Mtu anayetaka kuuza anachokausha au kuweka kwenye chupa anahitaji kibali cha TBS, ambalo lilichukua usimamizi wa usalama wa chakula kutoka TFDA mwaka 2019.