Tiketi za Uwanjani na Daftari la Watumishi: Kisa cha Chapel Hill

Mwaka 1951 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho nchini Marekani iliamuru Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichoko katika mji wa Chapel Hill, kiwapokee Waamerika weusi katika shule yake ya sheria. Kiangazi cha mwaka huo waliingia wanafunzi watano. Miongoni mwao walikuwamo Harvey Beech, J. Kenneth Lee, James Walker na Floyd McKissick, ambaye jina lake ndilo linalobebwa na kesi hiyo. Walisajiliwa, wakalipa ada, wakaketi darasani pamoja na wenzao weupe. Msimu wa futiboli ya Kimarekani ulipowadia, chuo kiliwapa tiketi kama kilivyowapa wanafunzi wote, ila tiketi zao hazikuwa za jukwaa la wanafunzi. Zilikuwa za sehemu iliyotengewa watu weusi, nyuma ya goli.

Mkuu wa chuo, Robert House, alikuwa na hoja ya kujitetea, na hoja hiyo yafaa ichunguzwe kwa makini kwa sababu haikuwa ya kijinga. Alitenganisha huduma ya elimu na kutambuana kijamii. Mahakama, kwa mtazamo wake, ilikuwa imeamuru jambo la kwanza. La pili haikuligusa. Darasa lilikuwa haki yao. Jukwaa la uwanjani lilikuwa baraza la watu wanaojuana, na sheria haimlazimishi mtu kumkaribisha mwingine barazani. Walker na wenzake walizikataa tiketi zile. Gazeti la wanafunzi na baadhi ya viongozi wa wanafunzi wakawaunga mkono, na hatimaye chuo kikarudi nyuma kikawapa tiketi za jukwaa la wanafunzi.

House aliyatambua mapema mambo ambayo kamati nyingi za ustawi wa watumishi huyachukulia kuwa madogo. Tiketi ya mchezo hutaja nani ni mwenyeji wa chuo na nani ni mpita njia aliyeruhusiwa kusoma au kufagia. Ndiyo maana swali linaloonekana la kiofisi tu, yaani jinsi ya kugawa kwa haki tiketi za msimu za bei pungufu miongoni mwa watumishi wa chuo kikuu, lina historia ndefu kuliko fomu yake ya maombi.

Kwa msomaji asiyeujua utaratibu huo: tiketi ya msimu humpa mtu kiti katika michezo yote inayochezwa nyumbani kwa mwaka. Katika vyuo vikubwa vya Marekani, ambako timu ya wanafunzi hujaza uwanja wa makumi ya maelfu ya watu, ni desturi ya vyuo vingi kuwauzia wahadhiri na watumishi wengine tiketi hizo kwa punguzo. Viti vya punguzo huwa vichache kuliko wanaovitaka. Hapo ndipo huibuka ubishi wa nani atangulie: mwenye miaka mingi kazini, aliyewahi foleni, au aliyebahatika katika kura. Ubishi huo una maana, nami nitaurudia. Lakini Chapel Hill inatufundisha kwamba kabla ya kamati kuketi, maamuzi mawili makubwa huwa yameshapita: nani ameandikwa katika daftari la watumishi, na viti gani vimebaki vya kugawa.

La daftari lilijitokeza wazi mwaka 1969. Mwezi Februari, wafanyakazi wa bwalo la Lenoir, wengi wao wanawake weusi, waligoma. Elizabeth Brooks na Mary Smith walikuwa miongoni mwa waliowaongoza. Malalamiko yao yalihusu mishahara duni na namna walivyotendewa na wasimamizi. Yalihusu pia jinsi walivyohesabiwa, maana baadhi waliendelea kushikiliwa kama vibarua wa muda ilhali kazi yao ilikuwa ya kudumu. Gavana Robert Scott alituma askari wa doria ya barabara kuu kulinda bwalo lifunguliwe. Wagomaji hawakutawanyika. Mwezi Machi mgomo ulimalizika kwa serikali ya jimbo kupandisha kima cha chini cha watumishi wake hadi dola 1.80 kwa saa, nyongeza iliyowafikia watumishi wengine wa jimbo ambao hawakuwahi kulikanyaga bwalo la Lenoir.

Kilichofuata hakisimuliwi sana, nami naona ndicho kiini. Kabla ya mwaka huo kwisha, chuo kilikabidhi huduma ya chakula kwa kampuni binafsi iitwayo SAGA. Mpishi aliyekuwa mtumishi wa jimbo akawa mwajiriwa wa kampuni, katika jengo lilelile na mbele ya masufuria yaleyale. Mwezi Novemba wakagoma tena. Uhamisho wa namna hiyo una athari zake katika mshahara na katika pensheni, na una athari katika kila stahili ambayo fomu yake huanza kwa maneno "mtumishi wa chuo". Orodha ya watumishi wanaostahili punguzo haihitaji kumtaja mpishi kwa jina ili kumtoa. Mkataba umeshamtoa. Kamati ya ugawaji inaweza kuwa safi kama maji ya chemchemi na bado isimwone kamwe.

Upande wa viti nao una kisa chake. Mwezi Januari 1986 chuo kilifungua ukumbi mpya wa mpira wa kikapu uliopewa jina la kocha Dean Smith, wenye viti zaidi ya 21,000, takriban mara mbili ya ule wa zamani. Fedha za ujenzi, zaidi ya dola milioni 30, zilitoka kwa wafadhili binafsi. Waliotoa vingi wakapata haki ya viti vizuri vya chini, karibu na mchezo. Ukumbi uliongezeka maradufu, lakini ongezeko hilo lilikuwa limeshatolewa ahadi kabla ya mlango kufunguliwa.

Serikali ya shirikisho nayo iliutia mkono mtindo huo. Mamlaka ya kodi ilipotoa miongozo mwaka 1984 na 1986 kutilia shaka msamaha wa kodi kwa mchango unaomnunulia mtu haki ya kiti, Bunge la Marekani lilijibu mwaka 1988 kwa sheria iliyoruhusu asilimia 80 ya mchango wa aina hiyo ihesabiwe kama sadaka. Ruhusa hiyo ilifutwa na sheria ya kodi ya mwaka 2017. Kwa takriban miaka 30, basi, tajiri aliyenunua nafasi ya kuketi karibu na uwanja alipunguziwa kodi kwa ukarimu wake. Kanuni za kodi zilezile zinaeleza kwamba tiketi moja moja mtumishi anayopewa na mwajiri mara chache ni jambo dogo lisilotozwa kodi, lakini tiketi ya msimu si jambo dogo, nayo yaweza kuhesabiwa kuwa kipato chake. Kwa haki ya sheria hizo, niseme pia kwamba zinataka punguzo lisilotozwa kodi lisiwe la wakubwa pekee: mwenye mshahara mnono hupoteza msamaha ikiwa punguzo halikutolewa kwa masharti yaleyale kwa kundi lisilowapendelea wa ngazi yake.

Sasa turudi kwenye kamati. Kigezo kinachopendwa kuliko vyote ni miaka ya utumishi. Niliwahi kuketi katika kamati ya kugawa nyumba za watumishi, na najua utamu wa kigezo hicho: hakina ubishi, namba iko kwenye jalada, mwenyekiti analala usingizi. Lakini miaka ya utumishi ni kumbukumbu ya nani aliruhusiwa kuingia na lini. Katika chuo ambacho kilihitaji amri ya mahakama mwaka 1951 ili kimpokee mwanafunzi mweusi wa sheria, foleni ya wahadhiri wakongwe miaka 20 baadaye haikuwa foleni ya watu walioanza safari pamoja. Na kwa mpishi aliyehamishiwa kampuni, saa ya utumishi ilisimama siku ya uhamisho.

Foleni ya kuwahi dirishani humfaa anayeweza kuacha meza yake saa nne asubuhi bila kuomba ruhusa. Malipo ya mkupuo mmoja humfaa mwenye akiba, ndiyo maana kukatwa kidogo kidogo kwenye mshahara ni hatua ya haki kuliko kuongeza asilimia ya punguzo.

Kura ndiyo ninayoiunga mkono, kwa sharti moja, na sharti lenyewe linatoka kwa majirani wa Chapel Hill. Katika Chuo Kikuu cha Duke, wanafunzi hupiga kambi wakisubiri tiketi za mpira wa kikapu. Ziv Carmon na Dan Ariely, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2000, waliwauliza wanafunzi walioingia katika bahati nasibu ya tiketi za michezo ya fainali za taifa. Waliokosa walikuwa tayari kulipa, kwa wastani, dola 170 hivi. Waliopata walitaka dola 2,400 hivi ili waziachie. Kabla ya kura wote walikuwa watu wa hamu moja. Kura ndiyo iliyowafanya wengine kuwa wenye mali.

Hapo ndipo sharti langu: kura ipigwe upya kila mwaka. Vyuo vingi humpa mwenye tiketi ya msimu haki ya kuihuisha mwaka unaofuata, na jambo hilo huonekana la kistaarabu. Lakini baada ya misimu mitatu au minne kiti huwa kimekuwa shamba lenye mipaka, na anayethubutu kukiweka tena kwenye kapu huonekana mnyang'anyi. Kura iliyopigwa mara moja na kuhuishwa milele hugeuka kuwa kigezo cha ukongwe kwa jina jingine.

Linabaki la siku ya mchezo yenyewe. Wapishi, wafagizi na walinzi hufanya kazi zaidi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Hata wakishinda kura, hawawezi kukalia kiti wakati wamesimama langoni. Kamati inayokataza tiketi ya punguzo isiuzwe wala kutolewa kwa mtu mwingine, kwa nia njema ya kuzuia ulanguzi, huwanyima hata nafasi ya kumpeleka mtoto akakae badala yao. Kifungu hicho ningeanza kukirekebisha kabla ya vingine vyote, na hakihitaji kikao cha baraza la chuo.