Nyumba ya Matajiri Iliyopokea Majeruhi

Leo tunakwenda Marekani, katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan. Huko kuna jengo kubwa la matibabu ya zamani. Tutatazama nani alilijenga, na nani aliingia ndani baadaye.

Mwaka 1866 Wasabato walifungua hapo nyumba ndogo ya tiba. Mwaka 1876 uongozi alipewa daktari kijana wa miaka 24, John Harvey Kellogg. Akaiita sanitariamu, yaani mahali pa kutibiwa na kufundishwa kuishi kwa afya. Wagonjwa waliogeshwa kwa maji ya moto na baridi, wakaota jua, wakafanya mazoezi, wala hawakupewa nyama. Jikoni mwake Kellogg na mdogo wake Will walitengeneza vipande vyembamba vya nafaka, ambavyo baadaye vilileta konfleksi zinazouzwa madukani leo.

Tarehe 18 Februari 1902, usiku, moto uliteketeza majengo makuu. Mamia ya wagonjwa walitolewa nje kwenye baridi kali. Kellogg hakukata tamaa. Alijenga upya, safari hii kwa matofali, mawe na zege ili moto usipate chakula. Jengo jipya lilizinduliwa tarehe 31 Mei 1903. Matajiri na watu mashuhuri wakamiminika. Mwaka 1928 ukaongezwa mnara wa ghorofa zaidi ya 10.

Lakini msikilizaji, tuseme na lile lisilopendeza. Daktari huyu aliyeponya wengi alikuwa na fikra mbaya. Aliamini watu wa rangi mbalimbali wasioane, na wale aliowaona dhaifu wasizae. Januari 1914 mkutano mkubwa wa kueneza fikra hizo ulifanyika humo humo, katika sanitariamu yake.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka. Matajiri wakapungua, lakini deni la ule mnara likabaki. Mwaka 1942 jeshi lilinunua majengo kwa zaidi ya dola milioni 2. Mwaka uliofuata Kellogg alifariki, na nyumba yake tayari ilikuwa hospitali ya jeshi, ikiitwa Percy Jones.

Sasa walioingia hawakuwa watu wa kupunguza unene. Walikuwa vijana waliotoka Vita Kuu ya Pili bila mkono, bila mguu, bila jicho. Walifundishwa kutembea kwa miguu bandia, kufunga vifungo kwa mkono mmoja, kuandika upya.

Mmoja wao alikuwa Daniel Inouye wa Hawaii, mjukuu wa wahamiaji kutoka Japani. Alipoteza mkono wa kulia nchini Italia mwaka 1945, na ndoto yake ya kuwa daktari wa upasuaji ikaishia hapo. Kumbuka, katika vita hivyo hivyo serikali ya Marekani iliwafungia kambini watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia. Baadhi ya vijana waliopigana pamoja na Inouye walitoka katika kambi hizo, na wazazi wao wakabaki nyuma ya seng'enge.

Katika hospitali hiyo Inouye alikutana na Bob Dole na Philip Hart, nao wamejeruhiwa vitani. Wote watatu baadaye wakawa maseneta.

Hospitali ilifungwa mwaka 1953. Majengo yakawa ofisi za serikali, na ndivyo yalivyo hadi sasa. Mwaka 2003 yalipewa jina la wale wagonjwa watatu: Hart, Dole na Inouye. Jina la mjukuu wa wahamiaji liko juu ya mlango wa nyumba ambamo watu waliwahi kukutana kusema kwamba damu za watu zisichanganyike.

Wenzangu mliolazimika kuanza upya na mwili wenye ulemavu, historia hii ni yenu pia.

Vikundi vya wasikilizaji, jadilini maswali mawili. Katika sehemu mliyotoka, ni jengo gani limebadilika kazi, na nani aliwahi kukatazwa kuingia humo? Hapa kambini, mtu aliyepoteza kiungo anaweza kufika mwenyewe shuleni, zahanati na kwenye mgao? Kama hawezi, ni nini kinachomzuia?

Majibu tutayasoma kipindi kijacho.