Mkupuo Kwanza: Safari ya Fedha za Uzeeni Tanzania

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kulipa deni lililokaribia nusu karne: mishahara ya askari weusi waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck huku kwetu, katika Vita Kuu ya Kwanza. Mkuu huyo alikuwa amefariki Machi mwaka huohuo. Mtu wa benki akatumwa Mwanza na fedha, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wenye cheti chochote walikuwa wachache. Husimuliwa kwamba yule mwenye fedha, alipokosa njia ya kuwatambua, alimkabidhi kila mzee ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani taratibu za kushika bunduki. Wala hapana aliyekosea. Kisa hiki kimezunguka sana hata kimeshika chumvi, nami sikiamini chote. Lakini mstaafu yeyote wa Tanzania aliyewahi kupanga foleni ya uhakiki, akitakiwa aonyeshe kuwa ndiye na kwamba bado yu hai, ataona kina sura anayoifahamu.

Mwaka huohuo, Dar es Salaam, ilipitishwa Sheria Namba 36 iliyounda mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao wengi waliuita NPF. Ulikuwa mwaka wa misukosuko. Januari wanajeshi waliasi. Februari vyama vya wafanyakazi vikavunjwa na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja chini ya mkono wa serikali. Mfanyakazi alipunguziwa uwezo wa kugoma, akapewa akiba. Kenya ilitunga sheria ya NSSF yake mwaka 1965, na Uganda ikafuata muda mfupi baadaye. Nchi zote tatu zilichagua njia moja: mfanyakazi anakatwa, mwajiri anaongeza, na siku ya kuondoka kazini mtu anachukua chake chote pamoja na riba, basi. Hakukuwa na malipo ya kila mwezi mpaka kufa. Kwa serikali changa ilikuwa njia rahisi kuendesha, na kwa Hazina ilikuwa neema, maana fedha za vijana ambao wangestaafu baada ya miaka thelathini zingeweza kukopwa leo kwa dhamana za serikali. Naona hapo ndipo ilipozaliwa tabia ambayo wachumi wetu wameshindwa kuielewa hadi leo, ya kuihesabu pensheni kuwa ni mtaji wa kuanzia maisha ya pili, unaotakiwa kushikwa mkononi mara moja.

Mbegu yake ni ya zamani zaidi. Wakoloni hawakuamini kwamba Mwafrika anahitaji kustaafu. Manamba wa mkonge walitolewa Kigoma, Songea na Njombe, wakapelekwa Tanga na Morogoro, wakafanya kazi kwa kipande, na mkataba ukiisha wakarudishwa. Uzee wao ulihesabiwa kuwa ni mzigo wa kijiji: kuna shamba, kuna watoto, kuna ng'ombe, kampuni inadaiwa nini tena? Kibarua wa bandarini, aliyeajiriwa asubuhi na kulipwa jioni, ndiye aliyekuwa mbali kabisa na hesabu hizo. Kenya, tume ya mishahara ya Waafrika ya mwaka 1954 iliyoongozwa na Carpenter ilikiri hatimaye kwamba mtu anayelipwa ujira wa mseja hawezi kutulia mjini akakuza familia. Tanganyika, watumishi wa serikali wasio na haki ya pensheni walipata mfuko wao wa akiba mwaka 1942, na wale wa serikali za mitaa mwaka 1944. Walikuwa tabaka jembamba: makarani, wakalimani, tarishi, wauguzi. Shaaban Robert, aliyeanza ukarani wa forodha Pangani mwaka 1926, ni wa kundi hilo, na maisha yake ya uhamisho kutoka idara hadi idara yanaonyesha jinsi mtumishi alivyoweza kuzeekea mbali na shamba la baba yake.

Mtu wa namna hiyo alijenga. Kariakoo, Ilala, Magomeni, na kwa namna yake Ngamiani ya Tanga, zimejaa ushahidi: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, choo na jiko pembeni. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. J. A. K. Leslie, aliyeichunguza Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu yake, aliwakuta wenye nyumba hawa kila mtaa. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, paa likianza kwa makuti na kuhamia debe au bati fedha zilipopatikana. Nyumba hiyo ilikuwa pensheni kamili kabla Bunge halijatunga sheria yoyote. Inalipa kila mwezi, haimwombi mtu cheti, ikipandishwa kodi inafuata bei ya unga, na mwenyewe akifa inabaki kwa mjane na watoto. Zaidi ya yote ilimpa mzee kazi. Aliyekuwa tarishi akawa mwenye nyumba: anasuluhisha wapangaji, anafuatilia maji, anakaa barazani na kila apitaye anamwamkia. Cheo alichokipoteza ofisini alikirudisha mlangoni kwake.

Ndiyo maana Azimio la Arusha la Februari 1967 liligusa uzee wa watu kuliko inavyokumbukwa. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali, pamoja na watumishi wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba ya kupangisha. Mke naye alihesabiwa ndani ya katazo hilo. Wengine waliuza, wengine wakaziweka nyumba katika amana kwa ajili ya watoto wao. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, iliyowapata hasa Wahindi wa mijini. Nia ya Azimio naiheshimu, na Julius Nyerere aliyelitunga aliishi kwa kulifuata. Ila lilimfungia mtumishi mlango wa ile pensheni aliyoiamini na kumwachia ile ya serikali peke yake. Kwa miaka 24, mpaka Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti, mtumishi mwaminifu alitakiwa kuitegemea Hazina tu.

Na katika miaka hiyo Hazina iliyumba. Mwaka 1980 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa karibu shilingi 8. Mwaka 1990 ilikaribia 200. Mfumuko wa bei ulikaa karibu na asilimia 30 kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kumi, na riba ya akiba haikuukaribia. Mtu aliyekatwa tangu 1964 alipokea mwisho wa kazi fungu la noti ambalo zamani lingejenga nyumba na sasa halikutosha bati zake.

Kuna kundi lililopata pigo kubwa zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ilikuwa na mashirika makubwa: reli na ndege makao yake Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Wafanyakazi wake walikuwa wenye bahati kuliko wote. Dereva wa garimoshi wa Tabora angeweza kupangiwa Eldoret au Tororo, na michango yake ikaingia katika mfuko wa pamoja. Waajiri wao walitoweka mara moja. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika miaka kadhaa, na Mei 1984 nchi tatu zikatia saini Arusha. Mali iligawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ikaahidi kuwalipa raia wake mafao yao.

Kwa Tanzania ahadi hiyo iligeuka kesi ya kizazi kizima. Wazee walibishana na serikali juu ya kiwango, juu ya thamani ya shilingi ya 1977, juu ya nani kalipwa na nani bado. Mwaka 2005 yalifikiwa makubaliano yaliyosajiliwa mahakamani, lakini wengi waliendelea kudai kwamba walichopewa hakikulingana na haki yao. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka wazee hao wakikaa barabarani katikati ya jiji na kuzuia magari. Wengine walifika na fimbo, wengine hawakufika tena. Wajane na watoto wakachukua nafasi zao wakiwa na barua za mirathi. Kwa mtumishi kijana aliyepita pale ndani ya daladala, hapakuhitajika semina yoyote juu ya hifadhi ya jamii. Alichojifunza ni hiki: kilichobaki serikalini kinaweza kupotea, kwa hiyo chukua mapema, chukua kingi.

Mifumo ilibadilishwa baadaye. PPF ya mashirika ya umma ilikuwa imeanza 1978; NPF ikawa NSSF mwaka 1997, ikilipa pensheni ya kila mwezi; watumishi wa serikali kuu wakapata PSPF kwa sheria ya 1999. Umri wa kustaafu kwa lazima ukawa miaka 60, wa hiari 55. Fedha za wastaafu zikaonekana kwa macho: Chuo Kikuu cha Dodoma kilijengwa kwa mikopo ya mifuko, na Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, NSSF ilichangia asilimia 60 ya gharama. Lakini PSPF ilizaliwa na mzigo: ililipa mafao ya miaka ya utumishi kabla ya 1999 ambayo haikuwahi kupokea mchango wake. Deni hilo likaitafuna, na serikali ilianza kulifidia kwa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2, mwishoni mwa 2021.

Agosti 2018 PSPF, PPF, LAPF ya serikali za mitaa na GEPF ziliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Muda si mrefu kanuni mpya ikatangaza kwamba kila mstaafu atapewa mkupuo wa asilimia 25, na kilichobaki atalipwa kila mwezi. Neno kikokotoo, lililokuwa la watu wa mahesabu, likahamia vijiweni. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alisimamisha kanuni hiyo na kurudisha ya zamani kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 ikaja nyingine ya asilimia 33.

Tuchukue mwalimu wa miaka 36 kazini, yaani miezi 432, mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 ambao haukubadilika miaka ya mwisho. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF unazidisha mshahara wa mwaka mzima kwa miezi hiyo, unagawa kwa 540, unatoa nusu, unaizidisha kwa 15.5: mkupuo shilingi 74,400,000 na pensheni ya 400,000 kwa mwezi. Kwa kile cha 2022 unagawa kwa 580, unatoa asilimia 33, unazidisha kwa 12.5: mkupuo karibu 36,900,000, na pensheni karibu 499,000. Mkupuo umekatwa nusu. Pensheni imepanda kwa robo. Wataalamu walisema, kwa haki, kwamba mstaafu akiishi miaka mingi ile laki inayoongezeka itamfaa. Mwalimu alisikia kitu kingine: nyumba imeondoka, ng'ombe wa maziwa wameondoka, mashine ya kusaga imeondoka, na kilichobaki ni ahadi ya kila mwezi kutoka kwa yuleyule aliyewaahidi wazee wa Jumuiya. Alijua pia kwamba wastaafu wa kima cha chini waliolipwa na Hazina walikuwa wakipokea shilingi elfu hamsini na ushei mpaka 2015, ndipo wakapandishwa hadi laki moja na ushei. Ahadi ya kila mwezi huganda. Mfuko wa saruji hauna simile.

Mwaka 2024 serikali ililegeza tena: asilimia 40 kwa wanachama wa mifuko iliyokuwa ikitoa nusu, kama PSPF, na 35 kwa wa mifuko iliyokuwa ikitoa robo. Kwa mwalimu wetu ni karibu milioni 44.7 na 447,000 kwa mwezi.

Nisieleweke kwamba mkupuo ni dawa. Miaka ya 1990, watumishi walipopunguzwa kwa maelfu kwa masharti ya wafadhili, wengi walinunua Hiace kuukuu kwa kiinua mgongo na kuingia barabarani bila kujua bei ya gia. Gari lilikula mafao ndani ya miezi. Wapo walioibiwa na matapeli, na wapo walioongeza mke, nalo ni jambo lisiloandikwa katika ripoti za mifuko. Waliofanikiwa, kwa jinsi ninavyowaona, walianza mapema: kiwanja kilinunuliwa mtu akiwa na miaka 40, msingi ukapanda kwa fedha za upatu na SACCOS, mkupuo ukaja kuezeka tu. Na walikuwa na pa kuhitajiwa. Nesi mstaafu hugongewa usiku, mwalimu hufundisha tuisheni, karani aliweza kuwa mzee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo na kusikiliza mashauri ya ndoa na mirathi. Julius Nyerere, aliyeacha urais Novemba 1985 akiwa na miaka 63, aliongoza Tume ya Kusini, akatafsiri Injili kwa tenzi, na kuanzia 1996 akasimamia usuluhishi wa Burundi. Si kila mtu ana Burundi ya kusuluhisha, lakini mashauri ya mirathi hayaishi.

Yote haya yanamhusu aliyekuwa na mwajiri. Mvuvi, mchuma karafuu, mama lishe hawajawahi kuona kikokotoo. Zanzibar ilijaribu njia nyingine: tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii, kwa fedha za serikali, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hapo hakuna mkupuo, na fedha hizo hazijengi nyumba. Bara, pensheni ya wazee wote imejadiliwa kwa miaka mingi bila kuanza. Mzee asiye na mfuko hutegemea ruzuku ya TASAF, ambayo hutolewa kwa umaskini wa kaya, wala haiangalii umri.