Masasi 2013: Swali Lililotangulia Sheria

Desemba 2012 wananchi wa Mtwara waliandamana kupinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Mwezi uliofuata Masasi ikawaka: cheche ilikuwa ugomvi wa bodaboda na polisi, kuni zilikuwa manung'uniko ya gesi. Watu walikufa, majengo ya serikali yakachomwa. Wapo wasomi walioyaita yote hayo uchochezi, wakalisahau swali halali lililokuwamo: mikataba inasemaje? Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi asilia, inayoagiza mikataba itangazwe. Swali la barabarani likawa wajibu wa kisheria. Mkulima wa korosho wa Newala asiyeuona mkataba atadai haki gani mahakamani, na kwa ushahidi upi?